Hapa Hakuna UTI

Nilistaafu miezi mitatu iliyopita. Mlinipa saa ya ukutani na doti mbili za kanga, mkanisomea risala iliyosema kwamba jicho langu halikupitwa na kitu. Nilipofika nyumbani Bugene nililikagua boksi la ile saa, kwa sababu upande mmoja lilikuwa limeshafunguliwa na mimi si mtu wa kuamini boksi. Saa ni nzima. Risala ndiyo yenye kasoro, na ndiyo iliyonikalisha leo na daftari hili.

Wadogo zangu wa maabara, ile karatasi niliyoibandika juu ya dirisha la kupokelea vipimo, HAPA HAKUNA UTI, mmeicheka miaka yote. Wagonjwa nao huicheka, na wapo walioondoka wakidhani kipimo kimeisha. Mnaitii sheria yangu kwamba kila chupa iandikwe MKOJO au MGONGO kwa herufi kubwa, lakini najua mkiwa wenyewe mnaiita sheria ya bibi. Nataka mjue ilikotoka. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vya kwangu havikuwa na habari ya kusimulia, na vya wenzangu niliambiwa nusu nusu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, wakati Karagwe na Kyerwa bado ni wilaya moja, na mgonjwa wa kutoka upande wa Kyerwa akifika kwetu akiwa na vumbi jingi hata hujui nywele zake ni za rangi gani. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Athumani, mtoto wa muuza vitambaa wa Kayanga. Babu yake alitoka Pangani, akaurithisha ukoo duka na Kiswahili, na Bwana Athumani alikithamini zaidi Kiswahili. Sisi Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, tuliogopa kufungua mdomo mbele yake. Ukimwambia "nimeenda wodini," atakuuliza kama umeenda au umekwenda, na mgonjwa angojee kwanza.

Siku yangu ya kwanza alinipa slaidi moja na karatasi ya daktari iliyosema malaria. Nikakaa kwenye hadubini, nikatazama na kutazama, mwisho nikamwambia nimeona vimelea, wachache lakini wapo. Akaichukua ile slaidi akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii haina damu ya mtu," akasema. "Nimeipaka rangi tupu asubuhi hii kwa ajili yako. Umeona nini, binti?"

"Vimelea, bwana."

"Umeona karatasi. Humu ndani kalamu ni mwongo kuliko mtu. Shuku."

Basi nikashuku. Nilishuku kwa bidii kiasi kwamba baada ya mwaka mmoja nilikuwa nashuku hata sukari ya chai ya ofisini. Hadubini yenyewe ilikuwa ya kioo, ile unayoigeuzia jua liingie kwa chini, na nyinyi mliozaliwa na taa hamjui adha yake. Wingu likishuka kutoka milimani, kazi imesimama. Nimewahi kumwambia daktari kwamba majibu yatatoka mvua ikikatika, naye akanijibu kwamba mgonjwa wake hana habari na mvua. Nilishuku kwamba ananisema.

Lakini kitu alichonifundisha Bwana Athumani kwa ukali kuliko vyote ni maji ya mgongo. Nitaeleza kidogo kwa ambaye si wa kazi yetu. Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji maangavu. Vijidudu vikiingia humo, mtu anaumwa kichwa cha kumtoa akili, shingo inakakamaa, mwanga unamchoma, na usipowahi unampoteza, au anabaki kiziwi, au kipofu, au si yule tena. Ili ujue ni kijidudu gani, daktari anamkunja mgonjwa kama mtoto tumboni, anaingiza sindano kati ya mifupa ya kiuno, na maji yanadondoka tone kwa tone hadi yafike kama kijiko cha chai. Hicho kijiko ndicho kinachokuja kwetu.

Ukutani, nyuma ya rafu ya chupa, Bwana Athumani alibandika kipande cha gazeti. Maji yakifika, kabla ya kuyagusa, unayashika mbele ya gazeti na kusoma. Ukisoma herufi vizuri, shuku. Ukishindwa kusoma, kimbia. Mara ya kwanza kushindwa ilikuwa ya mtoto wa shule kutoka Kiruruma, maji yake yakiwa kama ya kuoshea mchele. Bwana Athumani alitazama hadubini mara moja tu akatoka mbio kuelekea wodini, kanzu yake ya Ijumaa ameishika mkononi, na sikuwahi kumwona akikimbia tena. Yule mtoto alipona. Baba yake alituletea mkungu wa ndizi, na bosi wangu akaukagua kidole kwa kidole kabla ya kushukuru.

"Mkojo ukimwagika," alikuwa akiniambia, "mtu atakunywa maji akuletee mwingine. Haya yametoka kwa maneno mengi na machozi. Hayana mengine."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Vijijini kwetu watu waliamini, na bado wapo wanaoamini, kwamba aliyetolewa maji ya mgongo haamki. Siwacheki. Mgonjwa alikuwa analetwa baada ya kwa mganga, baada ya maombi, baada ya vidonge vya dukani, anachomwa sindano Jumatatu na kuzikwa Jumatano. Hesabu yao ilikuwa sawa, walikosea tu pa kuanzia kuhesabu.

Bwana Athumani alistaafu, baadaye akafariki, nami nikabaki na gazeti lake na tabia yake. Nikawa mkuu wa maabara. Nilikamata mengi. Nilimkamata kijana aliyetaka barua ya afya ya kazi akaniletea chai ya rangi kwenye chupa ya mkojo, akaniangalia usoni bila aibu. Kijiti cha kupimia kilionyesha sukari ya kutisha. Nikamwambia ama ana ugonjwa mkubwa ama mama yake anapenda chai tamu. Nilikamata makarani, wauguzi, madaktari, nikawarudishia karatasi zao. Kuna waliokuwa wakiniona nakuja wanageuza njia.

Miaka ikaenda, likaingia neno jipya, kifupi cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo. Zamani mtu alisema anasikia maumivu akikojoa, basi. Sasa kila mtu ana UTI. Kiuno kikiuma, ni yuutiai. Ukichoka, yuutiai. Mke akinuna, mume anamleta apimwe yuutiai. Mjini wanalitamka herufi kwa herufi, lakini huku kwetu, ambako Kiswahili wengi tumekikuta shuleni, mtu akiliona limeandikwa kwenye daftari lake la matibabu analisoma kama lilivyo: uti. Anarudi nyumbani anasema ameambiwa ana uti. Na uti ni nini kwa Kiswahili? Ni ule wa mgongo. Nilimkuta bibi mmoja pale kituo cha mabasi cha Kayanga analia kwamba mjukuu wake ana homa ya uti wa mgongo, kumbe binti anahitaji vidonge vya siku tano tu na kunywa maji. Nilicheka. Haikunijia akilini kwamba mlango unaofunguka upande huu hufunguka na upande wa pili.

Yustina aliletwa kwetu miaka saba iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alikuwa mke wa Laurenti, kibarua wa mashamba ya kahawa upande wa Kyerwa, na alikuja na mama yake mzazi, ambaye nitamwita Mama Yustina kama tulivyomwita wodini. Familia yao ina asili ya Rwanda. Kichwa kilikuwa kimemuuma wiki tatu. Kwa sababu ambazo ni siri yake, kinga ya mwili wake ilikuwa imeshuka, na nyinyi wa kazi hii mnajua ni magonjwa gani hupenda mwili wa namna hiyo. Daktari Novati, kijana makini ambaye nilikuwa namshuku kidogo kuliko wenzake, aliniletea daftari la mgonjwa maabara.

"Mama Domitila, hebu soma hapa."

Mara mbili, katika zahanati moja ambayo sitaitaja, alikuwa ameandikiwa UTI. Mara mbili akapewa vidonge vya mkojo.

"Lakini hana dalili hata moja ya mkojo," akasema Daktari Novati. "Nimemuuliza mama yake. Unajua amenijibu nini? Anasema yeye ndiye aliyewaambia."

Nikaenda mwenyewe kumsikia, maana sipendi habari ya kuletewa. Mama Yustina alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, amefunga kitambaa kichwani, mkono wake juu ya mguu wa binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kule zahanati mliwaambia nini?"

"Niliwaambia ni mugiga. Kwetu, hii ya shingo na kichwa tunaita mugiga, imemuua kaka yangu. Wakasema mugiga ndiyo nini. Nikatafuta Kiswahili chake. Nikasema uti. Wakaandika."

Basi mama asiyejua kusoma alikuwa ameujua ugonjwa wiki mbili kabla yetu, akautaja kwa lugha mbili, na kalamu ikausikia mkojo. Nilikasirika sana. Niliwasema watu wa zahanati ile mpaka Daktari Novati akaniomba nipunguze sauti. Wakati huo huo, nakiri, nilimshuku na mama yule, kwa kuwa kwenye kikapu chake niliona majani yamefungwa kwa jani la mgomba. Nilimwambia muuguzi amchunge. Baadaye nilijua yalikuwa majani ya kujikandia goti lake mwenyewe.

Laurenti hakutaka sindano ya mgongo. Daktari Novati alizungumza naye siku nzima, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo. Mwishowe akakubali, akasema, "Mara moja. Moja tu." Asubuhi iliyofuata, mapema, maji yakatolewa. Chupa safi zilikuwa chache siku ile, yakawekwa kwenye chupa moja ndogo. Laurenti akamwona mkewe amelala salama, akapanda bodaboda kwenda nyumbani kutazama watoto, akasema atarudi kesho yake mchana.

Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Mnajua dirisha letu linavyokuwa siku hiyo, chupa za mkojo zimepangwa kuanzia ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nafanya haraka, na nilikuwa nimemshuku mama mmoja kwamba ameleta mkojo wa dada yake, kwa hiyo akili yangu ilikuwa kwake. Nikachukua chupa iliyofuata. Maji kidogo sana, meupe, maangavu. Kwenye plasta iliyobandikwa chupani kulikuwa na maneno mawili kwa herufi kubwa: YUSTINA UTI.

Nikatumbukiza kijiti. Nikaandika kitabuni: mkojo, hauna kitu, kidogo mno, alete mwingine. Nikamwaga kwenye sinki, nikafungulia bomba.

Saa nane mchana Daktari Novati akaja. "Mama Domitila, yale maji ya Yustina vipi?"

"Maji gani?"

"Ya mgongo. Sista Agripina aliyaleta tangu asubuhi."

"Hakuna maji ya mgongo yaliyofika hapa."

Nilisema hivyo bila hata kusita. Nikamwita Sista Agripina. Nilimuuliza ameyaweka wapi, nani alimwona, mbona hakunikabidhi mkononi, nikamuuliza kama anajua thamani ya maji yale. Nikamshuku kwamba ameivunja chupa njiani anaficha. Nikamshuku na mfagizi. Kwa nusu dakika nilimshuku hata daktari, kwamba sindano ilimshinda anatafuta pa kuegemea. Sista Agripina machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakupandisha sauti.

"Niliyaweka dirishani, mama, kulikuwa na watu wengi. Nimeandika jina lake na uti. Plasta ilikuwa fupi." Akajifuta uso. "Naomba tuangalie kitabu cha mkojo."

Nikakifungua mimi mwenyewe, kwa kishindo, nimwonyeshe. Mstari wa kumi na tisa. Yustina. Mwandiko wangu, ile "y" yangu yenye mkia mrefu ambayo Bwana Athumani hakuwahi kuipenda. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini mimi siku ile niliwekewa kioo. Sijawahi kuona aibu kama ile, si kabla wala baada. Nikakaa kwenye stuli.

Daktari Novati alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa karibu kunipoteza. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Tutawaambia maji hayakutosha. Hutokea. Si uongo sana." Ilikuwa njia rahisi, na kitabuni nilikuwa nimeshaandika "kidogo mno". Nilifikiri nayo. Kilichonizuia si ushujaa, msiniandikie risala nyingine. Nilijua kwamba kosa likiachwa bila mwenyewe litamwendea Sista Agripina, kwa sababu hospitalini kosa huteremka ngazi hadi kwa wa chini. Na yeye alikuwa amenitazama nikifungua kitabu.

Tukataka kurudia jioni ile ile. Mama Yustina akasema yeye peke yake hawezi kukubali, aliyeruhusu ni mume, angojewe. Simu ya Laurenti haikupatikana. Daktari Novati alimwanzishia dawa za bakteria kwa tahadhari, lakini alichokihofia yeye na mimi ni kitu kingine, na hicho dawa zile hazikigusi. Dawa ya hicho kitu ilikuwa chache na kali, na hakuthubutu kuianza kwa kubahatisha. Usiku huo kichwa kilirudi kwa nguvu. Asubuhi niliambiwa kwamba Yustina alilalamika anaona ukungu.

Laurenti akafika mchana. Nilimwomba Daktari Novati aniachie niseme mwenyewe. Tulisimama kando ya kitanda, mimi na koti langu jeupe.

"Baba, maji ya mkeo hayakupimwa. Nimeyamwaga mimi. Nilidhani ni mkojo."

Alitazama koti langu. "Mmeyamwaga au mmeyauza?"

"Nimeyamwaga kwenye sinki."

"Daktari wa vipimo asiyejua mkojo?" Akageuka kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani, kama mtu anayetafuta mashahidi kijijini. "Mnasikia? Mara moja, niliwaambia. Moja tu. Namchukua mke wangu."

Akaanza kukusanya vyombo. Ningekuwa yeye, ningemwambia nini mtu kama mimi? Ningeshuku zaidi yake.

Ndipo Mama Yustina, bado ameketi chini, akasema, "Laurenti, weka sufuria chini."

Akaiweka.

"Jana, walipomtoa yale maji, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulipoondoka, aliniomba uji. Wiki tatu hajaomba kitu. Alikunywa kikombe, akalala, akageuza shingo mwenyewe. Kichwa kimerudi usiku. Maji hayakumdhuru. Maji yalikuwa yanambana." Akanigeukia mimi. "Ni hivyo au sivyo?"

Nikamtazama Daktari Novati. Ndivyo hasa. Katika ugonjwa tuliouhofia, maji yenyewe hujaa yakabana ubongo na mishipa ya macho, na kuyapunguza ni nusu ya dawa. Sisi tulilisoma vitabuni. Yeye aliliona kwenye kikombe cha uji.

"Ni hivyo, mama," daktari akasema.

"Basi mtoeni mengine. Lakini hii chupa nitaibeba mimi. Na nitakaa palepale nione."

Laurenti alitoka nje bila neno, nasi tukakubali kwamba kutoka kwake ni ruhusa.

Maji yalipotolewa, Mama Yustina alikuja maabara na chupa ameifumbata kwa mikono miwili, akitembea polepole kama aliyebeba kaa la moto la kuwashia jirani. Nilimpa stuli. Nikashika maji mbele ya gazeti. Herufi zilisomeka vizuri. Nikashuku. Niliyazungusha kwenye mashine, nikachukua tone la chini, nikalichanganya na tone la wino mweusi, ule tunaoutumia kwa kazi hii. Wino unafanya kila kitu kuwa giza, isipokuwa kile kisichokubali kuingiwa. Nikatazama. Walikuwapo, wengi, kila mmoja na duara lake jeupe, kuvu wa jamii ya hamira, wamejaa kwenye maji ya binti wa watu.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona. Njoo, mama."

Alichukua muda kulizoea jicho la hadubini.

"Kama mayai ya chura," akasema. "Yale ya dimbwini."

"Ndiyo."

"Yako kichwani mwa mwanangu?"

"Yako. Sasa tunajua dawa yake."

Hakushukuru wala hakulaumu. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hukuyamwaga," akasimama, akarudi wodini kwa goti lake bovu.

Yustina alipona. Alipewa dawa ya kuvu, akatolewa maji mara nyingine nyingi, na Laurenti ndiye aliyekuwa anamshika mabega. Kichwa kiliacha kuuma. Alianza kucheka na wagonjwa wenzake. Lakini ule ukungu wa machoni haukuondoka. Ulizidi, kisha ukafunga. Aliondoka kwetu baada ya wiki sita, mkono begani kwa mama yake, haoni.

Daktari Novati aliwaeleza kwamba maji yalikuwa yamebana kwa wiki tatu kabla hawajafika, na kwamba siku moja na nusu isingebadilisha kitu. Mimi alinieleza hivyo hivyo, kwenye korido, huku anatembea. Jibu lile lilikuja haraka mno, na jibu la haraka nimelishuku maisha yangu yote. Nikasoma vitabu. Vinasema kila saa ina thamani yake. Havisemi saa zipi zilikuwa za macho ya Yustina.

Wiki ile nikaandika karatasi ya dirishani, nikaweka sheria ya mkojo na mgongo, na nikamwomba msamaha Sista Agripina mbele ya wenzake. Alinisamehe. Na tangu hapo, kila mwezi Yustina alipokuja na mama yake kuchukua dawa zake na kupimwa, mimi nilikuwa na kazi stoo. Mtu mwingine alimtoa damu. Nikipita kwenye korido nikawaona kwenye benchi, nilinyamaza na kukanyaga taratibu. Miaka saba. Nilishuku kwamba wananisema, na nikashuku kwamba hawanisemi, na hilo la pili lilikuwa baya zaidi.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mlikuwa semina Kayanga, nikabaki peke yangu. Nikasikia fimbo kwenye sakafu, nikainua macho. Mama Yustina alimfikisha dirishani, akaniangalia, akaenda kuketi kwenye benchi.

"Wewe ndiye Domitila," akasema Yustina.

"Ndimi."

"Nakujua. Kila mwezi kuna mtu hapa korido anaongea kwa sauti, akinifikia ananyamaza."

Nikaweka kalamu chini.

"Mama aliniambia zamani sana. Sikuja kugombana, mama. Nataka kuuliza kitu kimoja. Yale maji ya kwanza, kama yangepimwa siku ile, leo ningekuwa naona?"

Jibu la Daktari Novati nilikuwa nalo, limeiva, nimelihifadhi miaka saba. Lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Sijui," nikasema. "Labda. Labda pia isingesaidia. Nimetafuta sana, na sijui."

Uso wake ulikuwa umenielekea kidogo pembeni.

"Daktari alisema hapana," akasema. "Sista alisema hapana. Padri akasema mapenzi ya Mungu. Hata mume wangu anasema hapana, ili nilale. Wote walinijibu upesi upesi." Akapandisha mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akapitisha mkono wake dirishani. "Leo nitoe damu wewe."

Nikamfunga mpira. Nikapapasa mshipa, nikaupata, kwa mkono huu uliochoma watu maelfu. Sindano ikaingia pembeni. Hakukuwa na damu.

"Nimekosa," nikamwambia.

"Najua," akasema, wala hakuuondoa mkono. "Rudia."